Joto la Baba, Baridi ya Mama

Mtu akikuuliza hali ya hewa ya Kampala, mwambie haina msimamo. Asubuhi unatoka na sweta, saa sita umeifunga kiunoni, saa tisa mvua imekukuta pale soko la Kalerwe na mtaro umefurika hadi kwenye meza za nyanya, na jioni umekaa nje unapunga upepo kana kwamba hakuna kilichotokea. Si joto, si baridi. Wageni wanaisifu sana. Mimi nimezaliwa hapa, na nilidhani wazazi wangu walikaa hapa kwa sababu ya kazi tu.

Baba yangu alikuwa polisi, Mwacholi, mtu wa kaskazini, kule ambako kiangazi kikishika hata mbuzi wanagoma kutembea saa nane mchana. Mama ni Mkiga wa milima ya Kabale, ambako watu wanaamka ukungu umekaa mlangoni na mtoto mchanga hatolewi nje bila kofia ya sufu. Baba alipelekwa kazi huko akiwa askari mpya. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba baridi ya Kabale ilimfunga mdomo mwezi mzima, na siku mdomo ulipofunguka, neno la kwanza lilikuwa kumwomba mama amkubali. Mama akisikia hivyo anasonya. "Muongo huyo! Neno la kwanza aliomba blanketi."

Baba hakujua Kikiga na mama hakujua Kiacholi, kwa hiyo walipendana kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe cha kambini, kile cha "kitu yangu" na "watu ile". Ndicho nilichonyonya. Mpaka leo nikikasirika au nikiota ndoto mbaya, ni kwa Kiswahili, na jirani zangu Waganda sokoni wananiambia naongea kama mtu anayetaka kukamata watu. Nawajibu, wakae vizuri basi.

Tuliishi katika kambi ya polisi upande wa Ntinda, kwenye kibanda cha bati cha mviringo, vile ambavyo askari wanaviita unipoti. Ambaye hajakaa ndani ya unipoti asizungumze nami habari za hali ya hewa. Mchana bati linachemka mpaka unahisi unakaangwa bila mafuta. Alfajiri bati hilohilo linatoa jasho la baridi, linakudondokea usoni. Baba alifurahi mchana, mama alifurahi alfajiri, na mimi niliteseka nyakati zote mbili. Nilikuwa mtoto wao wa pekee. Katika kambi ile ambapo kila mlango ulitema watoto saba, watu walimwonea mama huruma au walimsengenya, kutegemea siku. Mimi nilijivuna. Mimi ndimi kifungua mimba na mimi ndimi kitinda mimba, hakuna wa kunipora sahani.

Mchezo wao ulikuwa wa jioni. Baba akisharudi lindo, akishavua viatu na mama akishalalamika juu ya soksi, chai inamiminwa, na baba anauliza, "Mama watoto. Ungepewa moja tu, mpaka kufa. Joto ama baridi?"

"Baridi," anasema mama, bila hata kuinua macho.

Hapo ndipo baba anaanza kutetea joto kama wakili aliyelipwa. Kwenye joto maskini anaoga maji ya moto bure. Kwenye joto simsim inakauka siku moja. Kwenye joto mgeni hakawii kitandani, anaamka na kwenda zake. Mama anamwacha aseme mpaka achoke, halafu anajibu kwa mkato: "Kwenye baridi nyama inalala, maziwa inalala, na mwanamume analala nyumbani kwake." Baba anacheka mpaka anakohoa. Kisha anamwongezea mama chai, na anamwongezea yeye kwanza kabla ya kujiongezea. Nilikuwa naona hilo kila mara, la kumwongezea chai aliyeshinda. Sikulitilia maanani.

Mchezo huo ulirudiwa miaka na miaka, na mama hakubadilisha jibu hata kwa utani. Watu wa kambini waliujua. Askari wenzake baba wakimkuta mama bombani wanamwambia, "Mama, joto ama baridi?" na yeye anawamwagia maji miguuni.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikulingana, na nilikiona tangu mdogo. Mama mwenyewe alivaa sweta mwaka mzima, sweta ya kijivu yenye viwiko vilivyofumwa upya mara kadhaa. Mimi hakuninunulia sweta hata moja. Asubuhi za mvua wenzangu wanakwenda shule wamefungwa kama vifurushi, mimi natembea na shati la mikono mifupi, meno yanagongana. Majirani walimsema. "Banange, huyu Mkiga anataka kuua mtoto!" Na alfajiri, baba akinifunika blanketi kabla hajaondoka, nilikuwa nahisi mkono wa mama ukija kunifunua, taratibu, mpaka kifuani, na kuniachia khanga tu. Kisha mkono huo unabaki shingoni kwangu kidogo, unapima. Nilimwona mchoyo. Mtu wa baridi, anajifunika peke yake! Nikala kiapo cha kitoto kwamba nikikua nitalala na mablanketi matatu, na kweli ndivyo ninavyolala.

Baba alistaafu, wakapanga vyumba viwili kwenye mteremko wa Lubaga, mahali ambapo kengele ya kanisa inakuamsha hata kama hukupanga kusali. Mimi nilikuwa nimeshapata meza yangu Kalerwe. Nauza viazi vinavyoletwa na malori kutoka Kabale, na pembeni nauza simsim kutoka kaskazini. Baba alipenda kuja kuitazama meza ile. Anashika kiazi, anashika simsim, anasema, "Hii ni cheti ya ndoa yangu."

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa hapandi tena mteremko bila kusimama kwenye kila ukuta. Na baridi ikamwingia. Mchana kweupe, jua la Kampala liko juu, yeye anatetemeka kwenye kiti na koti la kazi la zamani. Daktari alituita pembeni, akasema kwa upole kwamba dawa zitaendelea kumpunguzia maumivu, lakini tumpeleke mahali anapopapenda, na tusikawie. Nilielewa. Mama pia alielewa, maana alianza kuuliza bei ya nauli ya kwenda kwa kaka yake, Kabale.

"Huko?" baba akasema. "Huko nitakufa mara mbili. Nataka kwenda nyumbani, kwenye joto. Nataka nifike nimekaa kwenye kiti, nisifike nimelala kwenye sanduku."

"Basi nenda," mama akasema.

"Siendi bila wewe."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mama hakuwa amekanyaga kwao baba tangu kabla sijazaliwa. Likizo zote baba alikwenda peke yake na kurudi na simsim na salamu. Nilipokuwa mdogo niliambiwa ni kwa sababu ya vita, na kweli vita vilikuwepo. Vita vikaisha, sababu zikabaki. Mara goti, mara kuku hawana wa kuwalisha, mara joto la kule linampandisha presha. Sasa baba anaisha mbele ya macho yetu, na mama amekaa na sweta yake anasema joto, joto, joto.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Siku moja jirani alibaki na baba, mama akaja Kalerwe kunisaidia kuchambua viazi. Alikuwa ameinama kwenye gunia, anatenga vilivyooza, na shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amepiga simu kutoka kaskazini tangu asubuhi kuuliza wamtayarishie mgonjwa nyumba au la. Nikamlipukia. Nikamwambia, "Mama, una roho gani? Mtu amekupenda maisha yake yote. Anakuomba jambo moja. Jasho tu, mama! Jasho halijaua mtu!"

Mama akaacha viazi. Alifuta mikono kwenye gunia, kidole kwa kidole, kisha akasema, "Kitanda usichokilalia, utawajuaje kunguni wake?"

"Basi niambie hao kunguni."

"Wewe si wa kwanza," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani ananiambia mimi si wa kwanza kumgombeza. Akarudia, safari hii ananitazama. "Mimba yangu ya kwanza si wewe. Kulikuwa na kaka yako."

Watu walikuwa wanapita, mwanamke mmoja aliuliza bei ya viazi na sikumjibu, akaenda zake anasonya. Mama alikaa juu ya gunia, akanisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kueleza jinsi ya kupika kunde.

Alikuwa ameolewa karibuni. Baba alihamishwa kituo, akampeleka kwao kaskazini akae na mama mkwe mpaka apate nyumba ya askari. Mtoto alizaliwa huko, kiangazi kimeshika. Bibi mzaa mama alikuwa amemfumia mjukuu nguo kutoka Kabale: sweta ya sufu, kofia, soksi, na blanketi zito la kumzungushia. Kwao milimani hivyo ndivyo mtoto anavyopendwa. Mtoto asiyefunikwa ni mtoto asiye na mama. Mama alikuwa na umri wa msichana tu, hajui lugha ya watu, yuko peke yake, na kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba mtoto anafunikwa. Akamfunika. Mama mkwe alikuja kumfunua, anasema maneno ambayo mama hakuyaelewa. Mama aliona ni chuki, ni dharau kwa nguo za mama yake. Mama mkwe akitoka, anamfunika tena.

"Alikuwa moto," mama akasema. "Nikadhani ni homa ya baridi. Nikamwongezea blanketi."

Mimi nilikuwa nimeshika kiazi mkononi na sikujua nikiweke wapi.

"Labda ilikuwa malaria, mama," nikasema. "Kule malaria ni nyingi. Hukujua."

"Labda. Baba yako alisema hivyo. Shangazi yako alisema hivyo. Lakini wao hawakumshika. Mimi nilimshika alivyokuwa moto." Akakunja mikono ya sweta, akaikunjua tena. "Wamemzika mlangoni, karibu na kizingiti. Kwao mtoto mchanga hapelekwi mbali na nyumba. Kila anayeingia anampita. Mimi nitampitaje?"

Nililia pale pale kwenye meza yangu, mbele ya wateja, mimi ambaye nimewatoa mgambo mbio. Nilimlilia kaka ambaye hakuwahi kunipora sahani. Nililia nikikumbuka ule mkono wa alfajiri, unaonifunua mpaka kifuani na kubaki shingoni kwangu unapima. Mtu aliyekuwa anaogopa kulala, nikamwita mchoyo!

Kisha nikauliza jambo ambalo lilinijia lenyewe. "Na baba, basi, kwa nini alikuwa anakuuliza kila siku? Joto ama baridi. Si alikuwa anakuumiza?"

"Hakuwa ananiumiza," mama akasema. "Hajawahi kunilaumu, hata siku moja. Alikuwa anataka kujua kama niko tayari kurudi. Hakujua namna nyingine ya kuuliza. Nikisema baridi, anajua bado. Anacheka, ananiwekea chai."

Miaka yote ile, na mimi nilikaa katikati yao na kikombe changu, nacheka.

Tulifunga meza mapema, tukapanda Lubaga pamoja. Baba alikuwa kwenye kiti dirishani, jua la jioni likimpiga magotini. Mama hakuvua hata viatu. Alichukua chupa ya chai, akammiminia yeye kwanza, akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Afande," akasema. "Niulize."

Baba aliweka kikombe chini. Alipumua kwanza, maana siku hizo kila sentensi ilihitaji kujiandaa. "Mama watoto. Ungepewa moja tu, mpaka kufa. Joto ama baridi?"

"Joto," mama akasema.

Nilimwona baba akifumba macho. Machozi yalimtoka akiwa amefumba, yakafuata mikunjo mpaka kwenye ndevu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kukohoa. "Muongo wewe," akamwambia, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka chai ikapoa.

Tulipanga kuondoka wiki ile ile. Nilitafuta gari lenye kiti kinacholala, shangazi akasiliba nyumba upya na kutandika mkeka kivulini. Baba alinyolewa ndevu kwa ajili ya safari. Alitaka ajulikane, alisema. Siku mbili kabla ya safari, mama akiwa anamkanda miguu, moyo ukakataa. Mama aliendelea kukanda muda mrefu. Nilimwambia, mama, basi. Akasema anajua, ngoja amalize na huu wa pili.

Kwa hiyo alikwenda amelala kwenye sanduku, jinsi alivyosema hataki. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na sijapata dawa yake. Tulivuka mto Nile pale Karuma asubuhi, na ng'ambo ile joto likaingia garini kama mtu aliyealikwa. Mama alikaa karibu na dirisha na sweta yake. Jasho lilimtiririka, hakuivua, na sikumwambia aivue.

Shangazi alitupokea barazani. Alikuwa mwanamke mzee sasa, mrefu kama baba. Watu walikuwa wengi na vilio vilikuwa juu, lakini yeye alimshika mama kiwiko, akampeleka polepole mpaka mlangoni, akamwonyesha kwa kidole. Pembeni ya kizingiti palikuwa na sehemu ndogo iliyosilibwa vizuri, laini, haina jiwe wala jembe lililoegeshwa. "Kila likizo alisiliba yeye," shangazi akasema kwa Kiswahili cha kubabaisha. "Hapana taka sisi tukamate." Mama alipiga magoti, akaweka kiganja pale, kama anavyoweka shingoni kwa mtoto. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kuulizana kama tumsaidie kuinuka. Nikawaambia wamwache.

Siku ya mazishi mjomba wangu alifika kutoka Kabale, safari ya siku nzima na usiku kucha, macho mekundu, amebeba blanketi kwapani. Lilikuwa blanketi zito, la sufu, lenye mistari, jipya. Ni heshima kwa shemeji. Kwao milimani mtu hashushwi ardhini bila kufunikwa vizuri, na mjomba alikumbuka pia kwamba shemeji huyu alikuja kwao mara ya kwanza akiomba blanketi. Alieleza hivyo mbele ya watu, sauti ikimkatika. Sanduku lilikuwa limefunguliwa kwa mara ya mwisho. Mjomba akalikunjua blanketi, akamfunika baba kutoka miguuni hadi kidevuni, akachomeka pembe za mabegani, vizuri, kwa upendo kabisa.

Mama akasimama.

Nilidhani anataka kuaga. Alikwenda mpaka kwenye sanduku, akashika ukingo wa blanketi, akalivuta chini, mpaka kifuani, kisha mpaka kiunoni, kisha akalitoa lote. Akambakishia baba shuka jembamba jeupe. Watu wakaguna. Mjomba akasema, "Dada, unafanya nini?"

"Msimfunike," mama akasema. "Huku ni joto. Msimfunike."

Alisema kwa sauti kubwa, ile ambayo hakuwahi kuitumia hata kambini. Wengi walidhani ni majonzi yamempanda kichwani. Shangazi peke yake alielewa, akakaa chini na kujifunika uso kwa leso. Mjomba alibaki na blanketi mikononi, hajui alipeleke wapi, nikalipokea mimi. Kisha mama akaweka mkono shingoni kwa baba. Akapima. Akatikisa kichwa kukubali, akawaambia sasa wafunge.

Nilirudi Kampala peke yangu, na blanketi. Nilidhani mama atakaa mpaka siku za matanga ziishe, nimfuate. Hajarudi. Anakaa katika nyumba ile ile na shangazi, wanagombana juu ya chumvi, kila asubuhi anafagia mlangoni na kaburini. Namtumia viazi kwa basi, vinafika vimeanza kuchipua kwa joto, ananilaumu mimi.

Juzi mvua ilinifungia sokoni, maji yamefika miguuni, nimekaa juu ya meza natetemeka. Nikampigia. Nikamtania, "Mama. Ungepewa moja tu, mpaka kufa. Joto ama baridi?"

"Baridi," akasema, hata hakufikiri.

"Basi si urudi, mama?"

Nilisikia kuku, nilisikia shangazi akimwita kwa mbali, kisha sauti yake.

"Nikirudi, hawa wawili nitamwachia nani?"